Neno refu lianzie mkiani

Safu hii hujibu maswali ya lugha. Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kuhusu maneno marefu ya Kiingereza, hasa yale yanayofanana herufi kiasi cha kumchanganya mtu. Tumechagua tisa.

Shikamooni. Mama yangu ana kisukari. Safari moja kadi yake ya kliniki iliandikwa "hyperglycaemia", safari iliyofuata ikaandikwa "hypoglycaemia". Nilidhani ni mwandiko tu. Ni neno moja au mawili? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Marahaba, dada. Ni maneno mawili, tena yanapingana, na kuyachanganya ni hatari.

Neno la namna hii lisome kuanzia mkiani. Mkia "-aemia" unasema "katika damu". Kipande cha katikati, "glyc", ni sukari. Mpaka hapo maneno yote mawili yanakubaliana. Kichwa ndicho kinachoyatenganisha: "hyper" ni juu ya kiasi, "hypo" ni chini ya kiasi. Kwa hiyo la kwanza ni sukari kupanda, la pili ni sukari kushuka. Ukitaka yasikuponyoke, shika silabi ya pili: "pe" ya hyper iwe pe ya pepea, "po" ya hypo iwe po ya poromoka. Kanuni hiyohiyo inakupa "hypertension", presha ya kupanda, na "hypotension", presha ya kushuka.

Tofauti hii ina kazi nyumbani. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye mashine ya kupimia, au mama akianza kutetemeka, kutoka jasho, kusikia njaa ya ghafla na kuongea mambo yasiyoeleweka, mpe sukari gramu 15. Hiyo ni kama vijiko vya chai vitatu hadi vinne, ikorogwe kwenye maji anywe. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye njia ya hewa; mkimbize hospitali. Kwa aliyeandikiwa "hyper", kumwongezea sukari ni kumzidishia tatizo. Ndiyo maana tunasisitiza kadi isomwe herufi kwa herufi, na mwandiko usiposomeka, muulize nesi hapo hapo kabla hujatoka getini.

Nasomea uuguzi. Kuna maneno yanaishia "-otomy", "-ostomy" na "-ectomy". Kwenye mtihani nayapishanisha kila mara. (Mwanafunzi, Rau, Moshi)

Chanzo chake ni Kigiriki, na ukikijua hutahitaji kukariri. "Tome" ni kukata. Kwa hiyo "-otomy" ni kukata na kufungua, basi, hakuna kilichoondolewa. "Laparotomy" ni kufungua tumbo ili daktari aone ndani.

Ongeza "ek", maana yake "nje", upate "-ectomy": kukata na kutoa. "Cholecystectomy" ina herufi 15 na inaonekana ngumu, lakini ikate: chole ni nyongo, cyst ni kifuko, ectomy ni kukata na kutoa. Ni operesheni ya kuondoa kifuko cha nyongo. Hapa utakuta pia "appendicectomy" ya Waingereza na "appendectomy" ya Wamarekani. Yote ni kuondoa kidole tumbo.

"-ostomy" ndiyo inayowaangusha wengi kwa sababu imezidi "-otomy" kwa herufi moja tu, s. Hiyo s imetoka kwenye "stoma", yaani mdomo. Daktari ametengeneza mdomo mpya mwilini ambao utabaki wazi kwa muda. "Colostomy" ni utumbo mpana kufunguliwa juu ya ngozi ya tumbo ili choo kitokee kwenye mfuko. Ukimaliza kuandika neno, jiulize: kuna mdomo uliobaki wazi? Kama upo, s iwepo.

Na kwa kuwa uko kwenye masomo haya, angalia pia "ileum" na "ilium". Yenye e ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Yenye i mbili ni mfupa wa nyonga. Yanatamkwa sawa kabisa, kwa hiyo hapa sikio halikusaidii. Jicho ndilo la kutegemea.

Kwa nini "diarrhoea" ina r mbili na h? Mwalimu amenikata alama. (Kidato cha pili, Majengo, Moshi)

Herufi tatu "rrh" ni alama ya kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutiririka. Ukikutana nazo kwenye neno la hospitali, tafuta kitu kinachotiririka: "diarrhoea" ni kuharisha, "haemorrhage" ni kutoka damu nyingi (ingawa yenyewe imetoka kwenye kitenzi kingine, cha kupasuka), "gonorrhoea" ni kisonono, "catarrh" ni kamasi na makohozi, na hata "haemorrhoids", bawasiri, ilipata jina kwa sababu ya damu inayotoka. Kiswahili kimekupa msaada wa bure: neno letu "tiririka" nalo lina r mbili.

Yapo yasiyofuata. "Cirrhosis", ini kuwa na makovu na kukakamaa, imetoka kwenye neno la rangi ya njano iliyofifia, na "myrrh" ni manemane. Hayo mawili yakariri tu. Na kwenye Kiingereza cha Marekani utaona "diarrhea" bila o. Kwenye mtihani wako andika yenye o.

Tunaambiwa neno refu kuliko yote kwenye kamusi za Kiingereza ni la ugonjwa wa wachimbaji. Ni lipi, na linatuhusu sisi wa Mirerani? (Mwanaapolo, Mbauda, Arusha)

Ni hili: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Lina herufi 45. Usiliogope, likate vipande vinane. Pneumono ni mapafu. Ultra ni kupita kiasi. Micro ni dogo. Scopic ni la kuonekana. Silico ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba mingi. Volcano unaijua. Coni ni vumbi. Osis ni hali ya ugonjwa. Ukiyarudisha pamoja: ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika la volkano.

Lazima tuseme wazi kwamba neno hili halikutoka hospitalini. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, kwa lengo la kupata neno refu kuliko yote. Baadaye kamusi zikalipokea. Daktari hatakuandikia hilo. Ataandika "silicosis", herufi tisa tu, au jina la jumla la magonjwa ya vumbi la mapafu, "pneumoconiosis", herufi 14. Vipande ni vilevile, vimepunguzwa.

Kuhusu kama linakuhusu: neno ni la kutunga lakini ugonjwa ni wa kweli, na hauhitaji volkano. Unapochoronga mwamba mkavu, chembe zinazoumiza si zile unazoziona zikirukaruka kwenye mwanga wa tochi. Ni zile zisizofika hata sehemu moja ya mia ya milimita, ambazo hazizuiliwi puani wala kooni, zikaenda hadi kwenye vifuko vya hewa na kuacha makovu. Makovu hayo hayafutiki kwa dawa. Mapafu yenye silika pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, ndiyo maana mchimbaji anayekohoa muda mrefu anatakiwa apimwe yote mawili. Hospitali ya Kibong'oto, Siha, inajulikana kwa kazi hiyo.

Kinachosaidia ni kuchoronga kwa maji ili vumbi lilale kabla halijaruka, kusubiri baada ya baruti mpaka hewa isafike, na barakoa ya kuchuja chembe, ile ya alama N95 au FFP2, iliyobana uso pande zote. Kitambaa cha shingoni hakizuii chembe hizo hata ukikikunja mara nne.

Jambo dogo la pembeni, kwa kuwa volkano yetu iko karibu: Ol Doinyo Lengai hutoa lava yenye silika kidogo mno. Jina la mwamba wake nalo ni refu, "natrocarbonatite", herufi 16, na mwanzo wake "natro" ndio uleule wa Ziwa Natroni. Kwa maneno ya jikoni, ni jamaa ya magadi.

Naandaa shindano la klabu ya Kiingereza. Nahitaji maneno yenye irabu zote tano. (Mwalimu, Kijenge, Arusha)

Anza na yale ambayo wanafunzi wanayatumia bila kuona. "Education", elimu, ina e, u, a, i, o. "Equation", mlinganyo wa hesabu, ina irabu zote ndani ya herufi nane na hakuna iliyorudiwa. "Pneumonia", nimonia, inazo. Hata "cauliflower", ile koliflawa ya sokoni Kilombero, inazo zote ndani ya herufi 11. "Behaviour", tabia, inazo kwa tahajia ya Uingereza. Wamarekani wameitoa u, kwa hiyo taja mapema ni tahajia ipi inayokubalika, vinginevyo mtagombana mezani.

Hatua ya pili ni irabu zifuatane kwa mpangilio wa a, e, i, o, u. Hapa kuna "facetious", mtu wa kuleta mzaha mahali pasipo pake, na "abstemious", mwenye kujizuia kula na kunywa. Ukiongeza "-ly" mwishoni mwa kila moja unaipata na y. Kinyume chake, u hadi a, kuna "subcontinental", la bara dogo kama lile la India, na "uncomplimentary", lisilosifu. Hili la mwisho lina herufi 15 na linafaa kuwa swali la fainali.

Ukitaka kuwabana upande mwingine, waulize neno refu lenye irabu moja tu. Ni "strengths", nguvu kwa wingi: herufi tisa, e moja, konsonanti nane. Mswahili anapolitamka hutamani kulipachika irabu kila upande, na hilo ni zoezi zuri la matamshi. Lipo pia "rhythm", mdundo, lisilo na hata moja kati ya zile tano, kwa sababu y inafanya kazi ya irabu.

Na neno la kuwafurahisha: "honorificabilitudinitatibus", herufi 27, maana yake hali ya kustahili heshima. Ni la Kilatini na limo kwenye tamthilia moja ya Shakespeare. Konsonanti na irabu zinapokezana mwanzo hadi mwisho: ho-no-ri-fi-ca-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bu, halafu s. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma Kiswahili vizuri atalisoma kwa pumzi moja wakati Mwingereza bado anatafuta pa kuanzia. Kiswahili nacho kina irabu zote tano kwenye "aliyetuona" na "wasiotuelewa". Waache wanafunzi watafute mengine, watayapata mengi kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda na mtendwa kwa pamoja.

Nachora mabango. Mteja alinirudishia bango la nyumba ya wageni akisema "accommodation" imekosewa. (Ngarenaro, Arusha)

Bila shaka ilikosa m moja, maana ndilo kosa linalojirudia zaidi kwenye neno hilo. Lina c mbili na m mbili: fikiria vyumba viwili, kila kimoja kina vitanda viwili. Herufi zote ni 13.

Kwa kuwa unachora, tumia hesabu badala ya kumbukumbu. Kabla ya rangi, andika herufi kwa penseli na uzihesabu. Neno la herufi 13 lina herufi ya katikati, ya saba, na hapa ni ile o inayofuata m mbili. Ukikuta katikati pameangukia kati ya herufi mbili, zimekuwa 12 na kuna moja umeila. Ila usiiweke hiyo o katikati ya ubao. Upande wa kushoto una m mbili pana, wa kulia una i nyembamba, kwa hiyo neno likikaa sawasawa o itasogea kulia kidogo. Ukiilazimisha katikati, nafasi itakuishia kushoto.

Mengine ya kuchunga kwenye kazi yako: "committee", kamati, ina jozi tatu, mm, tt na ee. "Bookkeeping", utunzaji wa vitabu vya hesabu, ina oo, kk na ee zikifuatana bila kitu katikati; watu wengi huligawa mara mbili na kwenye ratiba za shule utaliona hivyo. Na duka la karatasi na kalamu ni "stationery" yenye e, e ya elimu. Ile yenye a maana yake ni kitu kilichosimama, kisichotembea. Bango lenye a halitangazi madaftari.

Je, kuna maneno ya Kiingereza yenye q isiyofuatwa na u? (Kaloleni, Arusha)

Yapo, na mengi utayatambua kwa sura. "Qadi" ni kadhi, "qibla" ni kibla, "talaq" ni talaka, "faqir" ni fakiri, "niqab" ni nikabu. Kiingereza kiliyachukua Kiarabuni kama sisi, lakini chenyewe kikabakiza q kuwakilisha ile kafu ya kooni, sisi tukaandika k. "Qat", inayoandikwa pia "khat", ni miraa. Kamusi nyingine huyaandika baadhi yake kwa k au c, kwa hiyo tafuta kote. Kwa wachezaji wa Scrabble, lifupi na lenye faida ni "qi", nguvu ya uhai kwa Wachina, linalokupa pointi 11. Iraq na Qatar hazikubaliki kwenye mchezo kwa kuwa ni majina ya mahali.

Naongoza wageni mlimani. "Acclimatization" iandikwe kwa z au s? Na kwa nini HAPE ina E wakati kitabu changu kinaandika "oedema"? (Moshi)

Zote mbili ni sahihi. Marekani hutumia z, Uingereza utaona s na z. Chagua moja na uibakize hiyohiyo kwenye ratiba nzima ya mgeni. Neno lina herufi 15, na kiini chake ni "climat", hali ya hewa: ni mwili kuzoea hewa ya juu, taratibu. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam.

HAPE imefuata tahajia ya Marekani, "edema", isiyo na o mwanzoni. Ni maji kujaa kwenye mapafu: HA ni "high altitude", mahali pa juu, na P ni "pulmonary", la mapafu. HACE, maji kujaa kwenye ubongo, ina C ya "cerebral", la ubongo. Herufi moja inabadilisha dalili unazotafuta. P: kikohozi, na kuhema hata mtu akiwa amekaa. C: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa. Tiba ya kwanza kwa zote mbili ni kumshusha mgonjwa, na usisubiri kupambazuke.

Neno refu lisilorudia herufi ni lipi? (Sakina, Arusha)

Yanayotajwa zaidi ni mawili yanayolingana, herufi 15 kila moja. "Uncopyrightable", kisichoweza kupewa hakimiliki, na "dermatoglyphics", elimu ya mistari ya ngozi, ile inayosomwa unapoweka kidole kwenye mashine kusajili laini ya simu.

Umeuliza pia namna ya kutafuta neno la fumbo ukiwa na herufi chache. Kwenye OneLook, tovuti ya kutafuta maneno, alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja, na nyota badala ya herufi zozote. Ukijua neno lina herufi sita, linaanza na r na kuishia na m, andika r, alama nne za kuuliza, kisha m. Kosa la kawaida ni kutumia nyota mahali pa alama za kuuliza. Utaletewa orodha isiyoisha. Ukiwa na kamusi ya karatasi tu, anza na mikia: jaribu kwanza "-ing", "-ed", "-tion", "-ness" kwenye nafasi za mwisho, ndipo urudi mbele.

Kama herufi zote unazo ila zimevurugwa, ziandike kwa duara badala ya mstari. Macho yakiziona kwenye mstari hung'ang'ania mpangilio uliopo. Ni kwa njia hiyo utaona kwamba "eleven plus two" na "twelve plus one", kumi na moja kujumlisha mbili na kumi na mbili kujumlisha moja, zina herufi zilezile na jibu lilelile, 13. Jizoeze kwanza na habari na bahari, halafu samaki na masika.